Ndiyo Moja kwa Mambo Mengi

Nimeomba nafasi ya jioni hii, hapa redioni Malindi, nizungumze juu ya ada moja ya mabunge yetu ambayo, kwa kuwa haina kishindo, aghalabu hupita mbele ya macho ya watu wala wasiitambue, nayo ni ada ya kukusanya mambo mengi yasiyo na nasaba baina yao, kuyatia katika mswada mmoja, kisha kutaka yapokewe yote au yakataliwe yote.

Insafu yataka tuanze kwa kuitetea. Manispaa na mabaraza ya miji ya zamani yalipoondoka, na kaunti 47 za Katiba ya 2010 zikashika mahali pake, vitabu vya sheria vilibaki vimejaa majina ya vyeo na afisi ambazo hazikuwapo tena duniani. Kutunga mswada mbali kwa ajili ya kila jina lililopitwa na wakati kungekuwa ni kupoteza siku za Bunge na mali ya mlipa kodi. Kwa sababu hiyo upo mswada uitwao wa marekebisho ya sheria mbalimbali, ambao ndugu zetu wa Tanzania nao wanao kwa jina lilo hilo, na kazi yake ya asili ni kusahihisha majina, tarehe, namba za vifungu na makosa ya uchapaji. Kazi hiyo ni halali, na sijapata kumsikia mtu mwenye akili timamu akiilalamikia. Lawama huanza pale ambapo kwa njia iliyowekwa kwa masahihisho madogo hupitishwa jambo zito ambalo, lau lingekuja peke yake, lingezua mjadala nchi nzima.

Mfano wa karibu, ambao watu wa pwani wana sababu ya kuukumbuka, ni ule wa mwaka 2018. Mwishoni mwa mwaka huo ilipatikana Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali, Namba 18, iliyoanza kutumika Januari 2019, na ndani yake, kati ya vifungu vilivyogusa sheria nyingine zisizohusiana, mlikuwa na badiliko la Sheria ya Usajili wa Watu. Badiliko hilo ndilo lililozaa mfumo ambao wananchi waliujua baadaye kwa jina la Huduma Namba, pale makarani walipotandaza meza zao mitaani Aprili 2019 na watu wakapanga foleni juani. Aliyekuwa na subira ya kulisoma badiliko lenyewe aliona kwamba serikali ilijipa uwezo wa kukusanya alama za vidole, umbo la kiganja, umbo la ndewe za masikio, mboni za macho, mawimbi ya sauti, na hata vinasaba vya mtu, yaani ile siri iliyomo katika damu ambayo humhusu yeye na wazee wake na wajukuu wake ambao hawajazaliwa. Na zaidi ya hayo ilijipa uwezo wa kuandika vipimo vya setilaiti vinavyoonyesha mahali hasa nyumba ya kila mkaaji iliposimama.

Hapa kwetu habari ya kitambulisho si habari nyepesi. Kwa miaka mingi kijana wa Kiislamu wa pwani alipokwenda kukiomba aliweza kuulizwa hati za babu yake, ilhali mwenziwe wa mahali pengine hakuulizwa hati hizo. Wapemba, ambao ni wavuvi wa vizazi kadha wa kadha katika mwambao huu, na ambao baadhi yao wako hapa jirani Mayungu, walikuwa wakiishi bila kutambuliwa kuwa raia hadi mwaka 2023, na wakati wa Huduma Namba walikuwa hawana karatasi ya kumwonyesha karani. Je, ni nani aliyekwenda Mayungu kuwauliza watu wale, kabla ya mswada kupitishwa, wao watasimama wapi katika daftari hilo jipya? Mswada ulivyokuwa umeandikwa, hata mtu aliyekuwa na nia njema ya kuwauliza angelazimika kwanza kuchimbua jambo lao kutoka miongoni mwa mambo mengine yasiyowahusu ndewe wala sikio.

Kesi ilipelekwa Mahakama Kuu na jumuiya ya haki za Wanubi pamoja na wenzao, na tarehe 30 Januari 2020 majaji watatu walikataza kukusanywa kwa vinasaba na kwa vipimo vya setilaiti, wakataka pia mfumo wote uwekewe kwanza sheria ya kutosha ya kuulinda. Walakini ile hoja kwamba jambo kubwa kama hilo halikustahili kupitishwa katika mswada wa marekebisho mbalimbali haikutosha kuiangusha sheria. Nami naona kwa unyenyekevu kwamba hapo ndipo penye shina la jambo. Kwani mahakama ilikata matawi mawili, na ile njia iliyoyapitisha ikabaki wazi kwa mwingine atakayekuja.

Yupo atakayesema kwamba wabunge hawapigi kura kwa jumla, bali katika kamati ya Bunge zima kila kifungu huitwa kwa namba yake na kuulizwa. Ni kweli, na ni vizuri tuitazame kweli hiyo kwa karibu. Bunge la Taifa lina wajumbe 349 mbali na Spika, na Katiba yaridhika wakiwapo 50. Mwenyekiti hutaja kifungu, huuliza walio upande wa ndiyo, huuliza walio upande wa la, hutega sikio, kisha hutangaza kwamba wa ndiyo wameshinda, na kwenda kifungu kinachofuata. Na mswada ukiwa na vifungu vingi, sauti zile huwa kama za watoto wa chuo wanaoitikia somo lililokwisha kuwachosha. Hakuna majina yanayoandikwa isipokuwa idadi iliyowekwa na kanuni iinuke kudai kura ya kuhesabiwa. Kwa hiyo mwananchi wa Malindi akitaka kumwuliza mjumbe wake, siku ya uchaguzi, ulikuwa upande gani habari ya vinasaba ilipopita, mjumbe aweza kujibu bila kusema uongo kwamba aliuunga mkono mswada kwa ajili ya jambo jingine jema lililokuwamo. Uwajibikaji hauhitaji kuuawa ili upotee. Wapotea kwa kukosa mahali pa kushikwa.

Na kuna jambo jingine ambalo sijaona likisemwa mara nyingi. Ibara ya 115 ya Katiba inampa Rais ruhusa ya kuurudisha mswada Bungeni pamoja na waraka wa mambo asiyoridhika nayo, na aweza kutaja kifungu kimoja tu na kuyaacha mengine yote. Rais, basi, ana haki ya kusema la kwa kitu kimoja na ndiyo kwa vingine. Mwananchi hana haki hiyo. Yeye apewa mzigo mzima na kuambiwa, ridhaa yako ni hii. Juni 2024, vijana walipojaa barabarani katika miji mingi, Mombasa ikiwamo, kuupinga Mswada wa Fedha, walikuwa na chuki na vifungu fulani walivyovijua kwa majina, navyo ni vya kodi za vitu vya kila siku, na kile kilichotaka kuilegezea Mamlaka ya Mapato sheria ya kulinda habari za siri za watu, ambacho sijui kilitafuta nini katika mswada wa kodi. Baadhi ya hivyo viliondolewa kabla ya kura. Lakini imani ilikuwa imekwisha kuharibika, na watu hawakuwa na njia ya kukataa sehemu. Wakaukataa mzima, na baada ya msiba wa vifo vya waandamanaji tarehe 25 Rais naye akaurudisha Bungeni akipendekeza vifungu vyote vifutwe, vyema na vibaya kwa pamoja. Serikali inayopenda kufunga mizigo mikubwa haina budi kuikumbuka siku ile, maana iliupoteza mzigo wote kwa ajili ya vitu ambavyo ingeweza kuviacha nyuma.

Mfano mkubwa kuliko yote katika nchi hii, hata hivyo, ni ule wa kuibadili Katiba yenyewe. Mswada wa marekebisho ya Katiba wa mwaka 2020, uliotokana na yale maridhiano ya Machi 2018 baina ya Rais Uhuru Kenyatta na Bwana Raila Odinga, na uliojulikana kwa herufi tatu za BBI, ulikuwa na vishawishi vya kweli kwa watu wa pwani, nami sioni haya kuvitaja. Ulitaka kuongeza maeneo bunge 70, na katika hayo Kilifi, yenye 7, ingepata 4 zaidi. Ulitaka kaunti zisipate chini ya asilimia 35 ya mapato ya taifa, badala ya 15 za sasa. Mtu wa Ganze katika kaunti hiyo, anayejua umbali wa maji na umbali wa hospitali, angekosaje kutamani mambo hayo mawili? Lakini katika mswada uo huo mlikuwamo na waziri mkuu wa kuteuliwa na Rais, na afisa wa kupokea malalamiko juu ya majaji, naye pia wa kuteuliwa na Rais kwa idhini ya Seneti. Ukitaka maji ya Ganze, sharti umkubali na huyo wa kuwachungulia mahakimu; na ukiiogopea mahakama yako, sharti uyaache maji.

Watu wa mwambao huu, wasikilizaji wangu, si wageni wa kupambanua haki zilizofungamana. Katika mji wa Malindi, kama ilivyo Mombasa, iko miliki ya nyumba isiyo na ardhi, ambapo kiwanja ni cha mtu mmoja anayepokea kodi yake, na nyumba iliyosimama juu yake ni ya mwingine aliyeijenga kwa jasho lake. Na mashambani mnazi waweza kuwa wa fulani katika ardhi ya fulani, wakauziana miti bila kuuziana mchanga. Mzee asiyepata kuingia darasani hawezi kudanganywa kwamba kwa kuuza minazi yake kumi ameuza na shamba. Ajabu ni kwamba mzee huyo huyo, ambaye katika mapatano ya minazi aheshimiwa kuwa na akili ya kutenga kitu na kitu, katika jambo la Katiba aonekana hawezi kuulizwa ila swali moja.

Majaji watano wa Mahakama Kuu waliliona jambo hilo, na katika hukumu yao ya tarehe 13 Mei 2021 walisema, pamoja na mengine mengi, kwamba kila pendekezo la kuibadili Katiba lapasa kupelekwa kwa wapiga kura likiwa swali mbali. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu, nayo tarehe 31 Machi 2022 ilishikilia kwamba Rais hana haki ya kuanzisha mabadiliko kwa njia iliyowekwa kwa wananchi, na kwamba lile jedwali la maeneo bunge mapya lilikuwa batili kwa sababu umma haukushirikishwa. Ama kuhusu swali moja au maswali mengi, ikasema wakati wa kulijibu ulikuwa haujafika. Si hukumu ya kulaumiwa, kwani mahakama haipaswi kujibu lisiloiva. Lakini athari yake ni kwamba mtu yeyote atakayekuja kesho na mzigo mwingine wa mabadiliko atakuta jambo hilo halijakatwa.

Tena Katiba yenyewe haikuwa kimya. Ibara ya 114 yasema kwa lugha isiyohitaji tafsiri ya mwanachuoni kwamba mswada wa fedha haupaswi kushughulikia jambo lolote nje ya mambo ya fedha yaliyotajwa humo. Wapo, basi, waliokaa wakatunga kanuni ya kuzuia mchanganyiko, ila waliiweka kwa mswada wa aina moja tu, na hata hapo imepata taabu. Sheria ya Fedha ya mwaka 2023, mbali na kodi, iligusa Sheria ya Barabara, na ikakifuta kifungu cha Sheria ya Hati za Kisheria kilichosema kwamba kanuni zinazotungwa na mawaziri hufa zenyewe baada ya miaka 10 zisipohuishwa. Tafakarini hilo kidogo. Kifungu kile kilikuwa kinga ya raia dhidi ya kanuni zisizokoma, kikaondolewa ndani ya sheria ambayo nchi nzima ilikuwa ikiizungumza kwa ajili ya ushuru wa nyumba na bei ya petroli. Mahakama Kuu ilivikataa vifungu hivyo Novemba 2023. Mahakama ya Rufaa ikaibatilisha sheria nzima tarehe 31 Julai 2024. Na Mahakama ya Juu, tarehe 29 Oktoba mwaka huo, ikaitengua hukumu ya Rufaa na kuihuisha sheria. Mwananchi wa kawaida, aliyelipa kodi kwa sheria ambayo ilikuwa hai, ikafa, kisha ikafufuka, ana udhuru akiuliza utawala wa sheria ni kitu gani.

Na haraka ni ndugu wa mchanganyiko. Desemba 2014, baada ya mauaji ya Mandera, na katika mwaka ule ule ambao jirani zetu wa Mpeketoni walichinjwa, ililetwa Bungeni sheria ya usalama iliyobadili sheria 22 kwa mkupuo mmoja. Tangu kuletwa hadi kutiwa sahihi hazikupita wiki mbili. Ilipitishwa tarehe 18 wabunge wakipigana ndani ya ukumbi, ikatiwa sahihi kesho yake. Khofu ya watu ilikuwa ya haki, wala simlaumu aliyetaka kulindwa. Lakini katika mswada ule ule wa kuwakamata wauaji mlikuwamo na vifungu vya kuwabana waandishi wa magazeti, na kile cha kupunguza idadi ya wakimbizi wote nchini isizidi 150,000. Na Februari 2015 Mahakama Kuu iliviangusha vifungu 8, hivyo vikiwamo. Warumi wa kale, ambao hawakuwa watu wa huruma, walikwisha kuyajua madhara hayo mwaka 98 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, walipoweka sheria iliyokataza kuleta mbele ya watu mambo mbalimbali katika mswada mmoja, na iliyotaka zipite siku tatu za soko baina ya kutangazwa kwa mswada na kupigiwa kura. Naipenda sana hesabu hiyo ya siku za soko.

Wala tusidhani ni ugonjwa wa Nairobi peke yake. Tanzania, Juni 2020, ilikuwa ni katika Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Namba 3 ambamo mlitiwa sharti kwamba mtu anayekwenda mahakamani kudai haki za kikatiba aonyeshe kwanza jinsi yeye binafsi alivyodhurika. Na kwa maneno hayo machache, yaliyokaa kati ya marekebisho mengine, mlango wa kumtetea jirani ukawa mwembamba. Indonesia nao, mwaka huo huo, walitunga sheria moja ya kazi na biashara iliyobadili sheria zipatazo 80, na mahakama yao ya katiba mwaka 2021 ikawapa miaka miwili waitengeneze upya kwa kuwa namna ya kuitunga ilikuwa na dosari.

Sasa nirudi nyumbani, maana mambo haya si ya kutazamwa kwa mbali. Bunge la Kaunti ya Kilifi halikai Kilifi. Lakaa papa hapa Malindi, na kila mwaka huletewa mswada wa fedha wa kaunti, ambamo ada za soko, leseni za biashara na malipo ya maegesho huandamana ukurasa kwa ukurasa. Aliyepata kuhudhuria vikao vya kuushirikisha umma ajua vilivyo. Waingia, watia sahihi katika daftari la mahudhurio, wapewa chupa ya maji. Kitabu cha mswada, kilichoandikwa kwa Kiingereza ingawa Ibara ya 7 imeifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, kiko kimoja mezani kwa afisa, naye akutolea mukhtasari wake kwa dakika chache. Mama muuza samaki ainua mkono kuuliza ada ya meza yake ni kiasi gani. Ajibiwa kwamba maoni yake yamepokelewa. Kisha yaandikwa kwamba umma umeshirikishwa na umeuunga mkono mswada, na daftari alilolitia sahihi mama yule, ambaye alikuja kupinga shilingi chache za meza, lawa ushahidi wa kuridhia kurasa zote ambazo hakuziona.

Kwa hiyo nina maombi mawili, moja kwenu na moja kwa waheshimiwa. Nyinyi, mtakapoitwa kwenye kikao kijacho, msitie sahihi ya jumla. Andikeni kwa Kiswahili, kwa mkono wenu, kifungu namba fulani nakikubali, kifungu namba fulani nakikataa, kifungu namba fulani sikusomewa. Mtake nakala ya mlichoandika igongwe muhuri wa kupokelewa, nanyi muiweke. Siku kesi ikienda mahakamani, karatasi hiyo itakuwa na uzito kuliko hasira.

Nao waheshimiwa wawakilishi wadi wana uwezo wa kujitungia kanuni za kudumu za bunge lao. Nawaomba wawe wa kwanza nchini kuandika kanuni mbili: kwamba mswada utakaoletwa mbele yao uwe na jambo moja, na ukiwa wa masahihisho mbalimbali usiongeze wala kuondoa haki ya mtu, na kwamba kifungu chochote kikipingwa na wajumbe watatu kipigiwe kura ya majina. Kanuni za namna hiyo hazihitaji kura ya maoni, wala sahihi milioni moja, wala idhini ya Nairobi. Zahitaji alasiri moja ya kazi katika ukumbi ulioko hapa mjini kwetu.